Kompresa ya Kaka Mkubwa

Kaka mkubwa alizima injini, akashuka, akausukuma mlango kwa kidole kimoja kama wafanyavyo wenye magari ya bei, kisha akasimama katikati ya gereji akisubiri aulizwe. Hakuna aliyemuuliza. Mdogo wake alikuwa chini ya lori la mchanga, miguu tu ikionekana.

"Spana, toka huko," akasema. "Gari linaumwa."

Dada huyo alikuwa na jina la kuzaliwa, lakini lilishasahaulika siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Spana, na hata mama yao alimwita hivyo pale alipotaka afike haraka. Akajivuta kutoka chini ya lori, akajifuta mikono, akalitazama gari. Lilimeremeta kama kikombe cha wageni.

"Linaumwa nini?"

"Kompresa hainyamazi. Asubuhi inanguruma, mchana inanguruma, jioni ndiyo usiseme. Wifi yako anasema ni kama kuishi na mashine ya kusaga."

Gari lile halikukalia springi za chuma kama magari ya watu wengine. Lilikalia mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo, na chini ya buti kulikuwa na kompresa ndogo ya kuijaza. Gari likishuka, kompresa inasukuma upepo. Likifika kimo chake, inazima na kupumzika. Kompresa isiyopumzika ni sawa na mtu anayejaza pipa asimalize: ama pipa linavuja, ama msimamizi wake haoni kwamba limeshajaa.

Spana alianza na uvujaji, maana ndiko anakoanzia fundi mwenye akili zake. Akakoroga maji ya sabuni, akapaka kwa brashi mifuko, mabomba na maungio yote, akachuchumaa kusubiri mapovu. Hakuona hata moja. Akabadili rilei, ile swichi ndogo inayowasha na kuzima kompresa, kwa kuwa rilei ikiganda umeme haukatiki. Akakagua sensa za kimo, vijiti vile vinavyoliambia gari limesimama juu kiasi gani. Zilikuwa nzima. Mwishowe akapima kwa futi kutoka juu ya tairi hadi kwenye bodi, akaliacha gari lilale hapo, na kesho yake akapima tena. Halikuwa limeshuka hata unywele, na kompresa haikuwa imekohoa tangu jana.

"Gari lako zima," alimwambia kaka yake kwenye simu.

"Zima vipi, na mimi nalisikia kwa masikio yangu?"

"Kwangu ni zima. Labda linaumwa likiwa kwako."

"Usinitanie, Spana. Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo maana nakutania kwa adabu."

Kaka mkubwa akalichukua gari, na kulipokucha akapiga simu tena. Hakusalimu. Aliiweka simu karibu na buti tu, na Spana akaisikia kompresa ikijikaza, ikikata, ikijikaza tena, kama mtu anayepanda ngazi na kuitwa arudi chini kila akikaribia kufika. Akafunga sanduku lake la vifaa, akaenda.

Hakuwa amefika nyumbani kwa muda mrefu. Kila alipomuulizia mama, aliambiwa mama yu salama, amehamia upande wa pili, huko kuna utulivu. Spana alidhani upande wa pili ni chumba cha wageni.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba yao. Chumba cha mama kilikuwa cha mbele, chenye dirisha kubwa la kutazama njia na kujua nani kapita na nani. Sasa ukuta wa mbele ulikuwa umebomolewa, ukawekwa mlango wa bati wa kukunja. Ndani palitandazwa vigae vyeupe ambavyo hata kaka mkubwa mwenyewe alivikanyaga kwa soksi. Gari lilisimama pale kilipokuwa kitanda. Pazia la mama lilikuwa bado kwenye dirisha dogo la ubavuni, na kwenye msumari alipokuwa akitundika kioo chake palining'inia kitambaa cha kufutia bodi.

"Hiki si chumba cha mama?" Spana aliuliza.

"Kilikuwa," wifi yake alijibu kwa upole, kama mtu anayesimulia habari za mgonjwa. "Chumba chote hiki, mtu mmoja. Na gari la watu linaungua jua huko nje."

"Na mama analala wapi?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa ndani ulifunguka. Ulikuwa mlango wa stoo, mahali baba yao alipowekea saruji na viti vilivyovunjika miguu. Mama akatoka na ndoo mkononi. Kutoka stoo kwenda bafuni au jikoni kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita mbele ya gari.

Gari likashuka. Likaanza mbele, likamalizia nyuma, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi, mpaka tumbo likakaribia kugusa vigae.

"Marahaba," mama akasema bila kusimama. Kisha akamwona binti yake. "Ee, Spana! Umekuja? Ngoja niweke ndoo."

Mgongo wake ulipopotelea jikoni, gari likaanza kuinuka, na kompresa ikanguruma. Halijafika juu, mama akarudi. Alikuwa amesahau sabuni. Gari likashuka tena. "Marahaba, marahaba," mama akasema. Akaingia stoo, akatoka na sabuni, gari likiwa limeinuka kidole kimoja tu, likateremka. Kompresa ikabaki inahema.

"Anasahausahau sana siku hizi," wifi akamnong'oneza Spana. "Anapita mno."

Spana alifanya kama ufundi unavyotaka: ukitafuta kosa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akapita yeye mbele ya gari, halikutikisika. Akapita wifi yake, halikutikisika. Akapita kaka mkubwa kwa soksi zake; gari likainuka kidogo, kama mtu anayenyanyua pua. Akapita mama, likashuka. Akapita mama amevaa viatu vya wifi, likashuka. Mama akaombwa apite kinyumenyume. Gari likababaika, likaanza kushuka nyuma kabla ya mbele, lakini likashuka.

Spana akaandamana na mama mpaka stoo. Kitanda kilikuwa kimebanwa kati ya mifuko ya saruji na matairi ya akiba ya gari lile lile. Hakuna dirisha. Wakakaa kitandani, magoti yao yakigusa matairi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kaka yako alisema nikae humu kidogo tu, mpaka vigae vikauke. Vigae vimekauka, mwanangu. Naona yeye ndiye bado mbichi."

"Twende ukakae kwangu."

"Kwako kuna chumba kimoja na injini mbili ndani yake. Nitalala juu ya ipi?" Mama akacheka, kisha akauweka mkono wake kwenye goti la Spana, juu ya doa la oili. "Nyumba hii nimeibebea maji ya tofali zake kichwani. Nikitoka mimi, stoo nayo itawekwa vigae, waletewe pikipiki."

"Na gari?"

"Gari halina neno. Gari lina heshima. Mwanzo nilidhani yote ya bei ndivyo yanavyofunzwa huko yanakotoka."

Spana alitoka, akamkuta kaka yake sebuleni akimsubiri kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Kompresa haina kosa," akamwambia. "Gari linamwamkia mama. Akipita linashuka, akishapita linapanda. Mama anapita siku nzima kwa sababu umemweka stoo."

"Kwa hiyo ni sensa?"

"Sensa ni nzima, kaka. Ndiyo inayomwona mama."

"Basi itoe."

"Nikiitoa gari litalala chini moja kwa moja, halitajua hata kusimama. Dawa ni moja. Mrudishie mama chumba chake, gari lifunikwe turubai uani. Kompresa itanyamaza siku hiyo hiyo."

Kaka mkubwa alifikiri kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa kuona ugumu.

"Jua litakula rangi," akasema.

"Na vigae je?" wifi akaongeza. "Vigae vya gari havifai kuwekwa kitanda."

Walikubaliana wao wawili, mbele ya Spana, kwamba njia nzuri ni kutoboa mlango mwingine nyuma ya stoo. Mama awe anatokea nje na kuizunguka nyumba, gari lisimwone. Akaitwa mwashi. Alikuja kesho yake, na Spana naye akaja, kwa kuwa hakuweza kutulia. Mwashi alipofungua mlango wa bati ili apate mwanga wa kupimia, majirani wawili walikuwa wanapita, mwalimu mstaafu na mkewe. Wakasimama kusalimu. Wakati huo huo mama akatoka stoo kwenda kuanika kitambaa, na gari likashuka mpaka chini.

"Lo!" mwalimu akasema. Halikuwa lo la mshangao; lilikuwa lo la mtu aliyeona kazi nzuri. "Hata gari lako linajua kuamkia wakubwa?"

Kaka mkubwa akajikuta amenyoosha mgongo. "Tunajitahidi," akasema.

"Gari haliwezi kupata adabu hewani," mke wa mwalimu akasema. "Linaiga mwenye nyumba. Mama yako kakulea, nawe umelilea gari. Wangu mimi hata wakinipigia simu ni kosa la kidole."

Walipoondoka, kaka mkubwa alimwambia mwashi akunje futi yake. Ukuta wa nyuma ukabaki mzima. Kisha akamgeukia Spana.

"Zipo kompresa kubwa? Za kazi nzito?"

"Zipo. Lakini ugonjwa si wa kompresa."

"Wewe funga."

Spana akafunga. Alijiambia kwamba asipofunga yeye atafunga mwingine, na atafunga vibaya. Kompresa mpya ilikuwa na nguvu ya kuinua basi, na ilikaa juu ya mipira minene ya kumeza mtikisiko, hivyo ilifanya kazi kimya kama paka. Tangu hapo mlango wa bati ulikuwa wazi kila jioni. Watu walikuja, wakawekewa viti mbele ya nyumba, wakaongea mambo yao, na wakati ulipofika kaka mkubwa aliita kwa sauti laini:

"Mama, pita kidogo."

Mama akapita. Gari likashuka. "Marahaba," akasema mama, na wageni wakatikisa vichwa, na mmoja akamwambia mwanawe, "Umeona wenzio?" Kaka mkubwa aliyesimama kando ya gari alipokea sifa kwa niaba ya lote, tairi na bodi. Baadaye akachaguliwa kusimamia kamati ya malezi ya mtaa. Hakuna aliyeuliza mama anatokea wapi anapopita, wala anarudi wapi. Mlango wa stoo ulipakwa rangi mpya, ukapendeza.

Spana alikuja siku moja kukagua kompresa, akamkuta mama amekaa kitandani kwake, mikono mapajani.

"Wanakuchosha, mama?"

"Kupita si kazi. Kwa jioni moja napata shikamoo nyingi kuliko nilizopata kwa kaka yako tangu aote ndevu." Mama akaugeukia ukuta. "Ila hiyo mashine yako mpya siipendi. Ile ya zamani nilikuwa naisikia. Nikijilaza, nasikia linavyopanda, najua kuna mtu upande wa pili. Hii imenyamaza kabisa."

Spana akainuka. Akaenda kwenye gari, akalala chini ya buti, akafungua boliti za kompresa, akatoa mipira yote minne na kuitia mfukoni. Akaifunga kompresa chuma kwa chuma. Mama alipopita kwenda jikoni na gari likaanza kuinuka, vigae vilitetemeka, dirisha likatetemeka, na msumari ukutani ukaimba.

Kaka mkubwa akatokea mbio kwa soksi. "Mbona inanguruma tena?"

"Za kazi nzito ndivyo zilivyo," Spana akasema, akafunga sanduku lake.

"Na haitanyamaza?"

"Ukimrudishia mama chumba, itanyamaza."

Kaka mkubwa akaitazama rangi ya gari, akavitazama vigae. "Basi tutaizoea," akasema.

Wakaizoea. Mama naye, akishajilaza, huamka kufuata kitu jikoni, mara nyingi kitu asichokihitaji, kijiko au kifuniko cha sufuria. Gari linashuka, anaitikia, anarudi, anafunga mlango wa stoo. Kisha anaweka sikio kwenye ukuta wa chumba kilichokuwa chake, na kulisikiliza likipanda.