Pipa la Mwelwa Barazani kwa Mama Edith

Guelord alikuwa na sauti, hilo habishi mtu. Shida yake ilikuwa moja: aliijua mno. Akipita njiani mtaani kwetu Hewa Bora anaimba, akinunua mkate anaimba, na hata akikohoa alitaka watu wageuke. Basi alipounda bendi yake ya rock, hakuwa na shaka hata chembe kwamba watu watakuja kwa ajili ya koo lake.

Lakini bendi ile ilikuwa na kitu kingine. Ilikuwa na karindula ya Mwelwa. Kwa asiyewahi kuiona, karindula ni banjo la jitu: pipa la mafuta lililovalishwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu umechomekwa ubavuni, nyuzi nne zimevutwa juu yake. Pipa lenyewe linakaa chini sakafuni. Mwelwa, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma na ndiye aliyelitengeneza, anavuta nyuzi. Kiki, kijana mwingine wa bendi, anachapa tumbo la pipa kwa fimbo. Na hapo hata mgonjwa wa malaria anatikisa bega. Juu ya mdundo huo wa zamani Guelord alimwaga gitaa lake la umeme linalonguruma. Jamani, mchanganyiko ule ulikuwa mtamu.

Kasheshe ilikuwa mahali pa mazoezi. Walifukuzwa kila parcelle, kila ua waliojaribu. Kwa Baba Anselme, mfanyabiashara kutoka Butembo, walidumu mchana mmoja tu. Alisema mke wake Kyakimwa ameshikwa na kichwa na hata magunia yake ya maharage yanataka kuhama. Aliyewafungulia lango ni Mama Edith, mjane wa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini kule.

"Muingie, bana bangu," alisema. "Hii nyumba iko kimya sana tangu baba alikufa."

Akawapa baraza lake la simenti, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuwanunia. Majirani walipokuja kulalamika, aliwajibu yeye, mikono kiunoni, mpaka wakarudi kwao. Wakati wa mazoezi alikaa mbele yao kwenye kiti kifupi, miguu chini, akichambua sombe, majani ya muhogo. Masikio yake yalikuwa mazito, kila mtu alijua; kumsalimu ilibidi upaze sauti. Lakini wimbo ukiisha, alitoa hukumu. "Pale katikati mulikimbia." Au, "Ile ya pili mulianguka, lakini muliamuka." Hakukosea. Kisha anawapakulia bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto kule ziwani, na ole wake anayekataa nyongeza.

Guelord akajijazia upepo. "Munaona?" aliwaambia wenzake. "Hata mama wa masikio mazito, sauti yangu inamufikia."

Ndipo akaja Laurent. Huyu Laurent alikuwa na bustani mjini, yenye jukwaa la mbao, na kila Jumapili alasiri bendi changa zilipiga pale. Ukipanda jukwaa lile vizuri, wiki inayofuata unaitwa kupiga Likasi, unaitwa kupiga Kolwezi. Alikuja kuwasikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akamvuta Guelord pembeni.

"Musique yenu iko muzuri. Saa kumi na moja, saa ya batu wengi, ni yenu. Lakini ile pipa, hapana. Ile iko kitu ya matanga. Batu banakuja kwangu na bachumba wabo. Bakisikia pipa, bataanza kuuliza maiti iko wapi."

Na ni kweli, mji wetu uko hivyo. Karindula inapigwa sana kwenye vilio, na wengine wakiisikia wanatafuta hema la wafiwa. Guelord alifikiri kidogo. Kidogo sana, tuseme ukweli.

"Ni mara moja tu," alimwambia Mwelwa. "Tukishajulikana, tutakuita."

Mwelwa alimtazama. "Sawa, patron," akajibu, akabeba pipa lake begani, akaenda. Walikuwa wameitana ndugu tangu utotoni, si bosi.

Kesho yake walifanya mazoezi bila yeye. Aristote, rafiki yao wa kanisani, alileta gitaa la besi na kisanduku kidogo cha sauti, wakakiweka juu ya meza. Kiki alijichapa mapaja tu, maana ngoma za kisasa zilikuwa kule kwa Laurent. Guelord aliimba siku hiyo kuliko siku zote. Alipanda, akashuka, akatetemesha. Mama Edith alikaa palepale, miguu chini, sombe mapajani. Nyimbo zilipokwisha, Guelord akafuta jasho akingoja hukumu.

Mama Edith aliwatazama mmoja mmoja.

"Munangojea nani?" akauliza.

"Mama?" Guelord akapaza.

"Nasema munangojea nani? Jua linaenda. Muanze basi!"

Syntiche, mjukuu wake, aliyekuwa akisuka nywele za jirani mlangoni, aliangua kicheko, halafu akaona uso wa Guelord akajizuia.

"Yaya Guelord, kaka yangu, kwani haukujuaka? Nkambo hasikiake kitu. Ukimusalimia anaangaliaka midomo yako. Muziki anasikiaka na miguu."

"Na miguu?"

"Ile pipa inatikisaka simenti. Njo vile anasikia. Kila mazoezi anavulaka kandambili, haukuona?"

Guelord akakaa chini palepale. Miaka mitatu! Mama yule amegombana na mtaa mzima, amewalisha, amewasifu na kuwasahihisha, na neno moja la wimbo hajapata kulisikia. Alichokipenda ni pipa, na pipa ndilo alilolifukuza yeye Guelord. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Halafu, haya ile ikiwa bado haijaisha, shukrani ikamjaa. Watu wanaosikia vizuri walimfukuza. Huyu asiyesikia alimpa nyumba.

Aliinuka akaenda mbio kwenye karakana ya Mwelwa, akamkuta anachomelea lango.

"Mwelwa, nimekosa."

"Nani huyo?" Mwelwa hakuvua miwani. "Patron?"

"Usiniue, ndugu yangu." Akamweleza yote. Mwelwa akavua miwani, akacheka mpaka akashika lango asianguke, nalo lilikuwa bado la moto.

"Ayi! Kumbe mupenzi wa kwanza wa sauti yako hajakusikiaka!"

"Hajanisikia."

"Basi mi niko vedette, nyota yenyewe, weye uko pambo."

"Niko pambo."

"Sema kwa nguvu."

"Niko pambo, Mwelwa!"

"Muzuri. Beba pipa."

Akalibeba mwenyewe, Hewa Bora nzima ikimwona. Wamama sokoni walimuuliza nani amekufa. "Kiburi yangu," aliwajibu, nao wakampa pole.

Jumapili Laurent aliwapokea langoni, akaliona pipa, akafumba macho. "Guelord, tuliongea nini?"

"Tuliongea vibaya. Bila pipa hatupigi. Na huyu mama atakaa juu ya jukwaa, pamoja na sisi."

Laurent alimtazama Mama Edith, ambaye alikuwa amevaa kikwembe chake cha sikukuu na anampungia mkono kwa heshima. "Basi saa kumi na moja imeenda kwa wengine," alisema mwishowe. "Mutapiga sasa, viti vinapangwa. Nyimbo mbili, kisha mubebe matanga yenu."

"Aksanti," Guelord akasema, na hakuwa anatania.

Bustani ilikuwa karibu tupu. Mama Edith alikaa jukwaani, akavua viatu, akaweka nyayo kwenye mbao. Mwelwa akavuta uzi mnene, Kiki akachapa, na mbao zote zikanguruma. Uso wa mama ukafunguka. Simenti yake haikuwahi kumpa muziki kiasi kile. Mabega yakaanza, magoti yakafuata, wapanga viti wakasimama na viti mikononi. Wimbo wa pili Guelord aliubuni papo hapo, bila madoido: aksanti kwa lango, aksanti kwa baraza, aksanti kwa samaki na kwa ugomvi na majirani. Alimshukuru kwa maneno ambayo mwenyewe hangeyasikia, na alijua hivyo, na aliimba vilevile.

Walipomaliza, Mama Edith akatoa hukumu, kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Leo hamukukimbia!" Kisha akamgeukia Guelord. "Lakini weye, mwanangu, nilitakaka kuuliza zamani. Mwelwa iko na pipa. Kiki iko na fimbo. Weye kazi yako iko nini? Ile gitaa yako sisikiake, na kinywa nakuonaka tu unafungua kama samaki ya Pweto!"

Wachache waliokuwa bustanini wakalipuka kwa kicheko. Mwelwa akalilalia pipa lake, Laurent akashika mbavu. Guelord pia alicheka, machozi yakimtoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko tu. Akapiga magoti mbele yake, akauchukua mkono wake uliokomazwa na kazi, akauweka kifuani, chini kidogo ya koo. Akaimba tena ule wimbo wa shukrani, polepole, bila gitaa, bila pipa.

Mama Edith aliacha kucheka. Akauleta na mkono wa pili.

"Kumbe," alisema. "Kumbe na weye unapigaka."

Na mikono hakuiondoa mpaka wimbo ukaisha.