Gari la Mwadi Kwenye Kivuko

Injini ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na hakuna aliyekuwa amekanyaga pedali. Ngeleka alisimama kando ya boneti akisikiliza. Ndani ya gari, sehemu ya nyuma, chini ya kitambaa cheupe, lilikuwa jeneza la mkewe, Mwadi.

"Didier, zima klima."

Didier, mtoto wa mdogo wake, alizima kiyoyozi. Injini ikatulia palepale.

"Washa."

Ikaanza upya, juu, chini, hadi ikataka kuzimika.

"Asubuhi niliongeza ralanti, ule mzunguko wa motere gari likisimama, papa mukubwa. Nilifikiri inazunguka polepole mno."

"Umeongeza kelele tu."

Kivuko kilikuwa bado ng'ambo ya mto Lualaba. Dereva mmoja wa pikipiki, aliyekuwa akikingoja pia, alicheka. "Mzee, motere yenu inafanya mazoezi ya kwaya?" Kisha akaona jeneza kupitia kioo cha nyuma, akavua kofia. "Pole, mzee. Sikuona."

Ngeleka alikuwa fundi wa karakana ya reli hadi alipostaafu. Aliamini kwamba injini haina huzuni, ina sababu. Lakini mlio huu alikuwa ameusikia zamani.

Mwaka 1998 walikuwa Kama, wakiwauzia wachimba dhahabu chumvi na sabuni, kwa kuwa reli ilikuwa hailipi. Vita vilipofika walipanda lori kukimbilia Kindu. Nathalie, binti yao wa miaka minne, alikuwa na surua. Alifariki kabla hawajaenda mbali, wakamzika nyuma ya kanisa dogo kando ya barabara. Starta ya lori ilikuwa imekufa, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuzima injini. Alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, ili wafanye haraka. Waliokuwa na majembe walifanya haraka. Mwadi aliziba masikio.

Wiki iliyopita, akiwa mgonjwa kitandani hapa Kindu, alimwambia mumewe, "Usiniache hapa. Unipeleke kwa mutoto." Ngeleka, ambaye hakuwa na desturi ya kuahidi jambo asilolipima kwanza, alisema ndiyo. Njia ya kwenda Kama ilikuwa ya msitu na matope, siku mbili mvua ikinyesha. Bila ubaridi, maiti isingefika bila kuharibika.

Abdoul, fundi wa magari waliyemwita kwa simu, alifika kutoka mtaa wa Mikelenge na mfuko wake wa funguo. Alifungua boneti, akaelekeza bisibisi kwenye kompresa ya kiyoyozi.

"Tazama hii sahani ya mbele, mzee. Inashika, inaachia. Ikishika, motere inabeba mzigo, inashuka. Ikiachia, inaruka juu." Akagusa bomba ambalo lingepaswa kuwa baridi. Lilikuwa vuguvugu, na kwenye kiungo chake vumbi lilikuwa limeganda kwa mafuta. "Gesi imevujia hapa. Ikiwa kidogo, kuna swichi inakata kompresa. Inakata, inarudisha, inakata."

"Tujaze gesi."

"Kindu haiko. Inakuja na ndege, na hata fundi wa klima wa kule mtaa wa Kasuku anaingoja." Abdoul alishusha sauti. "Naweza kuunganisha waya, swichi isikate tena."

"Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi," Ngeleka alisema. "Yasipofika?"

"Itakauka."

"Ikikwama?"

"Itakata mukaba, huu mkanda wa motere. Na mukaba huo ndio unazungusha pampu ya maji ya kupoza motere." Abdoul alifuta mikono. "Na baridi yenyewe, mzee, kwa gesi hii, itakuwa ya jina tu."

Espérance, binti wa Ngeleka na Mwadi aliyezaliwa baada ya vita, alikuwa amesimama kando ya gari na amesikia yote. "Papa, ulisema ndiyo. Nilikuwa pale."

"Nilisema."

"Basi aunganishe!"

"Tutakwama msituni, mama yako akiwa ndani. Unataka kumwona hivyo?"

"Siku zote wewe ni hesabu! Hata leo!"

Ngeleka alifunga boneti. Kivuko kilifika, watu wakapanda, pikipiki zikapanda. Alikitazama mpaka kilipoondoka, kisha akamwambia Didier ageuze gari.

Walimzika Mwadi alasiri ile, pale pale Kindu. Njiani kwenda makaburini Espérance aliwasha kiyoyozi tena, ingawa upepo wake ulikuwa wa moto, na hakuna aliyemkataza. Didier aliegesha karibu na kaburi, akashuka, akaacha injini ikizunguka.

Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

Jeneza liliposhushwa kaburini, vijana wenye majembe walianza kutupa udongo. Ngeleka aliona mikono yao ikizidi kasi, bila wao wenyewe kujua, ikiufuata ule mlio. Akainua mkono, wakasimama.

"Didier. Zima."

"Klima, papa mukubwa?"

"Motere."

Kukawa kimya. Ngeleka alichukua jembe kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akachota udongo kidogo, akaushusha taratibu juu ya jeneza, kisha akampa Espérance jembe.

"Polepole," alisema. "Leo hakuna anayetungoja."