Ndugu Thelathini na Mmoja

Kiwandani walimwita Bwana Gramu, na hakukasirika. Mche wa sabuni ukitoka kwenye kisu umepungua gramu tano, yeye huurudisha ukayeyushwe upya, hata kama lori liko mlangoni linapiga honi na dereva anatukana. Miaka ishirini na miwili alisimamia zamu ya asubuhi, kuanzia kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia mafuta na magadi hadi kwenye meza za kufungia, na hajawahi kutoka getini na hata kipande cha kunawia mikono. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi fomu, jamani, ataijaza.

Fomu ililetwa na Bibi Maadili. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kuuma ulimi, basi watu wakamtafutia lao. Alikuja pamoja na wenye kiwanda wapya kutoka ng'ambo, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili safi cha darasani. Aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye chumba cha kulia, akagawa vijitabu vya kanuni, akaeleza kwamba kwao kumpa ndugu yako kazi ni kumwibia mtu usiyemjua ambaye angeweza kuipata. Watu wakatazamana. Wengine walibana kicheko, na walikuwa na sababu. Mzee aliyewauzia wageni kiwanda hicho alikuwa na kanuni moja tu, wala haikuhitaji kijitabu: haingii mtu bila mtu wa kumsimamia. Nikupe kazi, halafu ukiniibia nimfuate nani? Mlete mjomba wako hapa nimwone. Ndivyo kiwanda kilivyojaa, mmoja akimvuta mwenzake, na ndivyo kilivyokaa miaka yote hiyo bila mlinzi wa kupekua mifuko ya watu wazima.

Bwana Gramu akanyoosha mkono. "Hapa pameandikwa ndugu wote. Ndugu wa kiasi gani, mama?"

"Yeyote unayemhesabu kuwa wa familia yako," akajibu Bibi Maadili. "Ukiwa na shaka, andika. Anayesema ukweli analindwa. Anayeficha anafukuzwa."

Mtunza stoo, aliyeketi karibu yake, akamtia kiwiko cha mbavu. "Andika hakuna, yaishe." Na huyo mtunza stoo, mdogo wake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa akipanga magunia ya magadi hatua tano kutoka mezani kwake, na walifanana mpaka meno! Lakini aliandika HAKUNA kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake, akaenda zake kunywa chai.

Bwana Gramu aliomba karatasi ya ziada.

Wa kwanza alimwandika dada yake. Hapo hakufikiri hata kidogo. Mama yao alifariki yeye angali mchanga, na dada, mwenyewe msichana wa miaka kumi na miwili, akaacha shule ili ambebe mgongoni. Dada alipofiwa na mumewe, Bwana Gramu ndiye aliyemsimamia akapata nafasi kwenye meza ya kufungia, na hakuna mkono kiwandani uliokunja karatasi kwa kasi ile. Baada ya dada wakafuata mpwa, shemeji, binamu wawili. Halafu akaanza kukuna kichwa. Fundi wa mashine ya mihuri, je? Si mama yake ndiye aliyewanyonyesha wote wawili baada ya ule msiba? Na mpishi wa masufuria, ambaye baba yake na baba wa Bwana Gramu waliitana kaka mpaka wakaingia kaburini? Kumwacha mtu kama huyo nje ya karatasi ni kumkana, tena kwa maandishi. Akamwandika. Akamwandika mke wa binamu, na kaka wa mke wa binamu, na wale wa mtaa wa utotoni waliokula naye sahani moja. Alipoweka kalamu chini walikuwa watu thelathini na mmoja, nusu nzima ya zamu yake, na akasaini kwa moyo mweupe.

Moyo mweupe! Laiti upepo ungeingia dirishani siku ile ukaipeperusha ile karatasi.

Wiki mbili baadaye aliitwa ofisini. Bibi Maadili alikuwa amezitandaza karatasi zake mezani, na uso umempauka.

"Bwana, thelathini na mmoja? Umejaza ukoo mzima humu ndani?"

"Si wote wa damu, mama. Huyu tulinyonya ziwa moja. Huyu baba zetu walikuwa..."

"Basi hao si ndugu zako."

"Ni ndugu zangu."

"Sawa. Umesaini kwamba ni ndugu zako," akasema pole pole, sauti ya mtu anayejitahidi kusaidia. "Na wote wako chini yako, na wote waliingia kwa neno lako. Kanuni inasema waondoke. Ukiniambia leo kwamba ulikosea kuwaandika, karatasi yote inakuwa ya uongo, na hapo mtaondoka wote, wewe ukiwa wa thelathini na mbili."

Bwana Gramu akashika ukingo wa meza. "Basi niondoeni mimi. Mimi ndiye niliyewaleta. Wao wana kosa gani? Umepima kazi yao? Nenda kapime!"

"Kazi yao ni nzuri. Lakini walipitia mlango usio halali." Machozi yalikuwa yakimlengalenga yule mwanamke, haki ya Mungu, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuuma. "Baba yangu mwenyewe ana kampuni kubwa. Nilimwomba kazi akaninyima, ili asimpendelee mwanawe. Nilimheshimu sana kwa hilo."

Bwana Gramu akamtazama, na katikati ya balaa lake akamwonea huruma ya kweli. Baba gani huyo?

"Na mimi nikiacha kazi leo?"

"Ni haki yako. Ila hawatarudi."

Alijiambia abaki, angalau awe na cha kuwapelekea. Ndivyo alivyojiambia, na mimi sina la kumsuta. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Barua zilitolewa Ijumaa mchana. Walipanga foleni mbele ya stoo kurudisha aproni na mabuti, na mtunza stoo akazipokea moja moja akizikunja, mdogo wake pembeni akishikilia gunia wazi. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi wa mashine ya mihuri alipita karibu na Bwana Gramu bila kumtazama, mtu waliyekuwa wakitaniana naye kila asubuhi tangu wakiwa hawajaota ndevu. Dada alikuja wa mwisho. Alivua aproni, akainyoosha mikunjo kama kawaida yake, ndipo akamwendea.

"Uliniandika wa ngapi?"

"Wa kwanza, dada."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilijua. Miaka yote hii nimeomba usinisahau, mdogo wangu. Siku ya kunisahau ilikuwa ile."

Jumapili Bwana Gramu alimfuata nyumbani na gunia la unga begani. Aliwakuta wengi wao wamejaa sebuleni, viti havitoshi, wengine wamekaa kwenye mkeka, na mazungumzo yakakatika alipobisha hodi. Hakukaribishwa kuingia. Dada ndiye aliyetoka, akausindika mlango nyuma yake.

"Rudi nao huo unga."

"Dada, nilisema ukweli tu. Niliulizwa ndugu zangu ni akina nani. Ningewakana?"

"Mtunza stoo amemkana mdogo wake, na jana wamekula pamoja. Wewe umetukubali wote, na sisi ndio tunalala njaa." Sauti yake ilikuwa ya chini, imechoka. "Tumekaa kikao. Ikiwa kule kwako sisi ni kosa, basi tumekufutia kosa. Nenda, baba. Huna ndugu humu."

Alimwita baba, kama alivyokuwa akimwita alipombembeleza utotoni, kisha akafunga mlango. Bwana Gramu akaliacha gunia kizingitini. Asubuhi alilikuta mlangoni kwake, kamba haijafunguliwa.

Kiwanda kilileta watu wapya, kila mmoja na fomu yake safi, hakuna anayemjua mwenzake wala anayemwonea haya. Mwezi wa tatu sabuni zikaanza kupotea, wakaajiri walinzi wa kupekua mifuko. Picha ya Bwana Gramu ikatundikwa getini, ndani ya kioo, na chini yake maneno Mfanyakazi Mwadilifu, akawa anapekuliwa kila jioni chini ya sura yake mwenyewe. Mkewe akajifunza kupika chakula kidogo, maana hapakuwa na mgeni tena. Mwezi wa tisa dada alifariki. Walimzika Jumanne. Bwana Gramu aliambiwa Alhamisi, na dereva wa lori, katikati ya kupakia, na dereva mwenyewe alidhani anampa pole iliyochelewa.

Mwaka ulipozunguka, Bibi Maadili akarudi na fomu zake. Chumba kilekile cha kulia, meza zilezile. Bwana Gramu alipokea karatasi yake, akaisoma neno kwa neno kama alivyosoma kila kitu maishani mwake. Orodhesha ndugu zako wote. Kalamu ikakaa hewani muda mrefu, mpaka waliomaliza wakaanza kusogeza viti. Kisha akaandika neno moja, akasaini.

Mtunza stoo akachungulia juu ya bega lake, akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Hakuna! Ahaa, kumbe hatimaye umejifunza kujaza fomu!"

"Sijajifunza kitu," akasema Bwana Gramu. "Nimeandika ukweli, kama mwaka jana."