Matanga ya Laini ya Juu

Akeyo alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Abby, yule msichana wa Nakuru, akangoja kwa adabu huku simu yake ikiendelea kunasa sauti juu ya stuli. Gundi ya kiwanda cha plaiwudi ilimkalia kifuani miaka mingi kabla hajastaafu. Daktari wa kampuni alisema ni baridi tu ya hapa Elburgon, akampa panadol.

"Pole mathe. Tupumzike?"

"Tuendelee. Nani mwingine atakuja kuniuliza?"

Khisa, mwanawe, alimwonya asubuhi kabla ya kwenda kazini kiwandani humo humo: ongea mambo ya mashine, ongea mambo ya gundi, hayo mengine wachana nayo. Lakini mtu aliyenyamazishwa maisha yake yote akiulizwa vizuri, na chai yake ikanywewa bila mgeni kukunja uso, moyo humfunguka. Abby alisema anakusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani zisipotee. Akeyo hakutaka zake zipotee.

"Sasa chama cha wafanyakazi mlikianzisha aje, na mikutano ilikuwa imekatazwa?"

Akeyo akacheka. "Na matanga! Meneja angekataza mkutano, sasa angekataza watu kulia? Tulikuwa tunaua mjomba wa mtu huko Busia, mjomba mwenyewe hata hayuko. Tunaweka hema hapa kwa laini, tunaimba, tunapika chai. Wimbo ukiisha tunaongea ya chama. Askari wakikaribia, tunalia!"

Abby alicheka mpaka akashika mbavu. "Na siku hizi?"

"Siku hizi chama walikimaliza. Lakini hawa vijana wetu si wajinga. Wamesoma kwetu."

Neno likawa limeshatoka. Kupitia mlangoni, kwenye laini ya juu, safu ya mwisho ya nyumba za kampuni, hema la bluu lilionekana likipigwa na upepo, viti vya kanisa vimepangwa chini yake. Marehemu alikuwa shangazi yake Khisa. Khisa hakuwa na shangazi.

Akeyo akaitazama simu pale juu ya stuli. "Hii sauti inaenda wapi, mwanangu?"

"Kwa ofisi ya kampuni. Si ndio wanalipia hii project, ya sherehe yao ya kiwanda? Sikukuambia?"

"Hukuniambia. Futa hapo kwa matanga."

"Siwezi, mathe. Nikirekodi, inaenda huko yenyewe." Abby alisema hivyo kwa upole, huku akitafuta mahali pa kuweka kikombe. Hakuwa na ubaya wowote, na Akeyo angeona nafuu kama angekuwa nao.

King'ora cha kutoka kazini kilipolia, Akeyo alikuwa njiani kwenda laini ya juu kumwambia Khisa awatawanye watu. Kifua hakikumruhusu kukimbia. Alipofika, hema lilikuwa limejaa, na kabla hajamfikia mwanawe lori la kampuni likasimama. Muiruri, afisa wa wafanyakazi, akashuka na askari wake, mmoja amebeba gunia la sukari begani.

"Poleni sana," Muiruri alisema. "Kampuni ni familia. Tumesikia mmefiwa, na tumeleta lori tuende tuchukue mwili saa hii. Uko mochari gani?"

Wimbo ulikatika. Khisa aliangalia viatu vyake.

"Basi mniambie jina la marehemu, tumwombee." Macho ya Muiruri yalipita safu kwa safu, bila haraka, yakikaa kidogo kwa kila uso. Kisha yakamwona Akeyo. "Mama Khisa! Wewe ndio mkubwa hapa. Saidia hawa watoto. Tena nimekusikia leo, unakumbuka mambo vizuri sana."

Khisa akainua kichwa, akamtazama mama yake. Hasira ilikuwa bado haijafika. Alikuwa ndiyo kwanza anaelewa. Akeyo aliona afadhali mwanawe angempiga kofi mbele ya watu wote.

Akeyo akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Ilikuwa nduru ya kweli, ya mama aliyepoteza mwana, na wanawake wengine, wasijue la kufanya, wakamwitikia mmoja baada ya mwingine mpaka hema zima likawa linalia.

Askari wakasimama kwenye pembe za hema. Muiruri akavuta kiti cha mbele, akaketi, akakunja mikono, akangoja wamalize.