Matanga ya Showground

Kikundi chetu cha akina mama pale kanisani Pioneer, mjini Eldoret, kina sheria nyingi ambazo hakuna anayezifuata. Kuna ya kufika mapema, na ukitaka kucheka njoo siku moja uone tunavyoifuata. Lakini iko moja ambayo hatukuwa tumeivunja hata mara moja: mwenzetu akifiwa, tunalala kwake mpaka siku ya mazishi. Si kwenda kusalimia. Si kupeleka sukari na kukimbilia nyumbani kabla ya giza. Unafunga blanketi lako, unabeba sufuria, unalala pale anapolala mfiwa, hata kama ni sakafuni. Sisi Wajaluo tuliotoka kando ya ziwa tumezaliwa katika jambo hilo. Wenzetu Wakalenjin, ambao kwao maiti huzikwa upesi na watu wakarudi kwa ng'ombe wao, mwanzoni walituona wazimu. Baadaye walizoea. Jeruto, mwenyekiti wetu, alizoea mpaka akawa ndiye anayekoroma kutushinda wote.

Kwa hivyo Januari ile ya 2008, mume wa Nyawira alipokufa, mimi sikuona kuna la kujadili.

Nyawira tuliimba naye kwaya. Yeye na mumewe Gachanja walikuwa na duka la misumari na mabati kule Kimumu. Matokeo ya kura yalipotangazwa na nchi ikawaka, vijana walichoma duka na nyumba kwa sababu wenyewe walikuwa Wakikuyu, na Gachanja akapigwa barabarani akikimbia. Alifika Showground, pale waliofukuzwa makwao walipokuwa wamejaa kwenye mahema, akaishi siku chache, akafa. Mwili ulikuwa mochari. Barabara ya kwenda kwao Nyahururu ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua atazikwa lini.

Tulikutana kanisani. Mchungaji Bethwel alikuwa amekonda ndani ya wiki mbili.

"Tupeleke unga, mafuta na blanketi," alisema. "Tuwaombee pale getini, halafu turudi. Hali si nzuri."

Akina mama wakaangalia sakafu. Jeruto alikuwa anasokota ncha ya leso yake. Nilijua shida yake: Mkalenjin akionekana akiingia Showground, kwao angeitwa msaliti, na wakati huo msaliti alichomewa nyumba vilevile. Nilijua yote hayo na bado hasira ilinipanda. Nina hasira ya karibu, mume wangu atakuambia.

"Mchungaji," nikasema, "Krismasi ulituhubiria nini?"

Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Kama umesahau nikukumbushe. Ulisema Mungu angeweza kututumia salamu tu, yeye akabaki kwake juu. Hakufanya hivyo. Ulisema alivaa mwili kama huu wetu, unaosikia njaa, ukichapwa unatoka damu. Ulisema hakuja kututembelea, alikuja kukaa. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma."

"Hiyo ilikuwa Krismasi, Mama Byron," akasema polepole.

"Kumbe alikaa siku hiyo moja tu," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nyumbani nilimkuta mume wangu, Okumu, amekaa kando ya redio.

"Wewe ni Mjaluo," aliniambia nilipokuwa nafunga blanketi. "Kule ndani ni watu waliochomewa nyumba, na wanajua sisi na Wakalenjin tulipigia kura upande mmoja. Unafikiri watakuuliza kwanza kama unaimba kwaya?"

Alisema kweli. Nimesikia watu wakishuhudia kwamba ukiwa na imani huogopi kitu. Imani hiyo mimi siijui. Niliogopa njia nzima mpaka getini, na nikaingia nikiogopa.

Aliyenisimamisha ni Kamande, mdogo wa marehemu. Nilikuwa nimempikia chai mara nyingi kwangu, lakini siku hiyo alinitazama kama hajawahi kuniona.

"Unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja matanga ya kaka yako."

"Nyinyi ndio mmemuua."

"Mimi nilipiga kura, Kamande. Sikuua mtu."

Nyawira akatoka kwenye hema. Alikuwa amevaa koti la Gachanja, lenye masizi begani. Nilidhani atanikumbatia. Wapi!

"Rudi kwako, Perez," akasema. "Utalala hapa leo, kesho uende uoge kwa nyumba yako, uambie watu vile umelala kambini. Mimi si kitu cha kutazamwa."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu hayakuwa ya uongo kabisa. Nilikuwa nimejiona mtu shujaa sana nikija njiani.

"Siendi mpaka tumzike," nikasema.

"Sisi wenyewe hatujui ni lini."

"Basi hata mimi sijui."

Akaingia akafunga. Nikaweka furushi langu mlangoni pa hema nikalikalia. Vumbi lilinijaa puani, watu walipita wakinong'ona juu yangu, na mama mmoja alimwaga maji machafu karibu na miguu yangu kwa makusudi. Sikusogea. Jua lilipozama na baridi ya Eldoret ikaanza kuuma, hema likafunguliwa kidogo.

"Ingia," Nyawira akasema. "Utakufa na baridi hapo, halafu watusingizie sisi."

Ndivyo nilivyohamia Showground. Nilipanga foleni ya maji na wenzangu, nikala maharagwe ambayo hayakuiva, nikaharisha kama watu wote. Sikurudi nyumbani kuoga. Jioni Okumu alikuwa anakuja getini na chakula. Nilimwambia alete cha kututosha mstari mzima wa mahema au akirudishe. Siku ya kwanza alikirudisha akinung'unika. Siku iliyofuata alikuja na sufuria kubwa, bado akinung'unika. Lakini kuvuka geti lile alikataa katakata.

Nyawira aliongea nami kidogo sana. Kilichonitia hofu ni kwamba hakuwa amelia. Alikuwa anakunja zile nguo chache za watoto alizookoa, anazikunjua, anazikunja tena. Nikaimba zile nyimbo zetu za kwaya, sauti yangu mbovu peke yake, naye hakuitikia.

Mwisho wa Januari, Okumu alikuja mchana, mikono mitupu.

"Ni Oketch," akasema. "Naivasha. Wamemuua jana."

Oketch alikuwa mtoto wa ndugu yangu. Nilimlea mimi hapo Pioneer mpaka akamaliza shule, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua kabla sijajuana na Nyawira. Siku hizo Wakikuyu wa Naivasha walikuwa wanalipiza kisasi, na walikuwa wanawatafuta Wajaluo nyumba kwa nyumba.

"Chukua blanketi yako twende," Okumu akasema. "Matanga sasa ni kwetu."

Nikageuka nikatazama kambi. Nitasema wazi: niliwachukia. Niliwachukia wote, pamoja na watoto waliokuwa wakicheza na mkebe, na Nyawira aliyekuwa anaanika nguo kwenye kamba. Nilitamani moto uwarudie. Nilikuwa nimelala kando ya watu hawa, nimekohoa nao, na watu wao walikuwa wamemkata mtoto wangu.

Nilipiga hatua kumfuata Okumu. Kisha lile swali nililomrushia Bethwel likanirudia mimi. Yule aliyekuja kukaa nasi, siku wale wale aliokaa nao walipoanza kumuumiza, alifanya nini? Njia ya kuondoka alikuwa nayo. Akabaki. Nilikasirishwa na jibu hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu, na sikupata lingine.

"Siji," nikasema.

"Umerogwa? Unalilia wa kwao. Wako je?"

"Wangu nitamlilia humu humu. Wamsikie."

Kwetu mtu hafi kimya. Niliweka mikono kichwani, nikarudi ndani ya kambi katikati ya mahema, nikapiga nduru. "Oketch yaye! Oketch yaye!" Kijaluo, mahali pale, wiki ile. Watu wakatoka mahemani mbio. Kamande akaja na wanaume wenzake, rungu mkononi.

"Nyamaza, mama! Unataka nini?"

"Nataka mjue jina lake!" nikapiga kelele. "Anaitwa Oketch. Hakuchoma duka lenu. Alikuwa anakata maua Naivasha, na watu wenu wamemkatakata jana. Nimekaa hapa nikimlilia Gachanja. Oketch nani atamlilia?"

Mwanamume mmoja akasema kitu kwa Kikikuyu, na wengine wakasogea karibu yangu. Nilijua mwisho wangu unaweza kuwa hapo, nami nikaendelea kuita.

Ndipo nilipomwona Nyawira akiangusha nguo alizokuwa anaanika. Aliwasukuma wale wanaume kwa viwiko, akafunga leso kiunoni, akaketi vumbini ubavu wangu. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Oketch!" akaita. Alilitamka vibaya jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona. "Oketch! Gachanja! Gachanja wakwa! Gachanja wangu!"

Machozi yakamtoka, yale yote aliyokuwa ameyazuia, mpaka akaniangukia mapajani. Nikamshika. Tulilia pamoja tukiwaita wote wawili, kila mtu kwa lugha yake, na yule mama aliyenimwagia maji akaja akasimama nyuma yetu akijifuta macho kwa sweta.

Okumu alikuwa bado getini. Lakini Mjaluo hasikii nduru ya matanga akabaki amesimama mbali, hata akiwa mwoga kama mume wangu. Nilisikia viatu vyake kabla sijamwona. Alikuja mbio kati ya mahema, kofia imemtoka, akiita jina la Oketch, mpaka Kamande akamziba njia na rungu juu.

"Na huyu naye ni nani?"

Nyawira akainua uso, makamasi na vumbi tele.

"Ni mtu wa matanga yangu," akasema. "Sogea akae."

Kamande akasogea.