Ufunguo wa Pili

Mpelelezi wa bima aliuweka ufunguo mmoja katikati ya meza, akaacha nafasi pembeni yake, kama anayemtengea mgeni mahali pa kukaa.

"Na wa pili, mzee?"

"Ulikuwa kwenye droo," mjomba akajibu. "Nimeipindua nyumba nzima."

"Gari likiibwa, mwenyewe hutuletea funguo zote mbili. Mwaka huu pikapu zimeibwa nyingi mji huu, na nyingine watu wamejiibia wenyewe." Akacheka kidogo. Mjomba hakucheka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

Miezi minne nyuma, mkaza mjomba alikuwa ametoka, nami nafua. Binti yao alikuwa anaota meno, analia mpaka sauti inamkauka. Nikafungua droo, nikampa ufunguo autafune. Akanyamaza. Nilipomaliza kufua, mikono yake ilikuwa mitupu. Nilitafuta chini ya kitanda, kwenye nguo, mpaka kwenye mtaro wa maji machafu. Kesho nitasema, nikajiambia. Kesho ikazaa kesho. Mama alipofariki niliachia shule darasa la tano, na mjomba ndiye aliyenichukua. Ningeanzaje?

Kisha ile pikapu ya mjomba, iliyokuwa ikibeba vitanda na milango anayochonga, ikaibwa mbele ya duka la misumari, mchana kweupe.

"Na wewe binti," mpelelezi akanigeukia, "hukuuona?"

"Hapana." Hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri sauti yangu.

Barua ya kukataa kulipa ilikuja wiki ya tatu. Mjomba akaanza kusukuma milango kwa mkokoteni. Maseremala wenzake wakamtania: "Fundi, bima imekunyima, basi hata uliyemuuzia pikapu hakukulipa?" Alivumilia. Lakini siku moja mkewe, akikunja nguo bila kumtazama, akasema, "Baba watoto, niambie mimi tu. Uliiuza?"

Mjomba akainuka. Alikuja jikoni nilikokuwa nachambua mchele, akageuza ndoo, akaikalia.

"Mwanangu," akasema, "humu ndani ni wewe tu ambaye hujaniuliza."

Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua. Naye akachota konzi ya mchele, akautandaza kiganjani, akaanza kunisaidia kutoa mawe.