Sufuria ya Okemwa

Mama mkwe wangu, Nyamusi, hakuwahi kunisifu kwa lolote. Ugali wangu ulikuwa laini mno, moshi wa jiko langu ulikuwa mwingi mno, na hata kicheko changu, alisema, kilisikika mpaka sokoni Nyamache. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Tuliishi hivyo, yeye nyumba ya juu, mimi ya chini, migomba katikati. Ndiyo maana lazima nisimulie alivyoniokoa. Nisiposema mimi, nani atasema?

Mwaka wa 1974 mume wangu, Okemwa, alianza kujikunja kwa maumivu kila alipokula. Daktari wa Kisii akamwambia ana vijiwe kwenye nyongo: ama apasuliwe, ama aache mafuta kabisa. Okemwa aliogopa kisu kuliko kaburi, akasema ataacha mafuta.

Kusema ni rahisi. Huyu ni mtu aliyefurahi kuona mafuta yakielea juu ya mchuzi. Siku hizo nyumba yenye mkebe wa mafuta ya kupikia ilikuwa nyumba iliyoendelea, na waliokula mboga za kuchemsha tu walihurumiwa. Basi nikajiona mjanja, nikaanza kupika sufuria mbili. Ndogo ilikuwa ya Okemwa, sukuma wiki, maji na chumvi. Kubwa, iliyokaangwa vizuri, ilikuwa yangu mimi, watoto na wageni.

"Hii ni chakula ya ng'ombe," Okemwa akalalamika.

"Basi kula kama ng'ombe, kimya kimya."

Akala. Maumivu yakapungua, lakini na yeye akapungua, shati likawa linamning'inia.

Hapo ndipo Onyancha, kaka yake mkubwa, alipotutembelea, akaziona zile sufuria mbili jikoni. Hakuuliza daktari alisema nini. Kwetu, mke akimpikia mume peke yake na mume akakonda, watu hawahitaji maelezo zaidi: anamlisha dawa. Sokoni wanawake wakaacha kununua ndizi zangu. Kisha jamaa wakaitisha kikao: Okemwa ahamie kwa Onyancha akalishwe vizuri, nami nirudishwe kwetu Nyakoe. Okemwa alipowaeleza habari za daktari, walisema mtu aliyelishwa kitu husema anayofundishwa na mkewe. Niliogopa, jamani. Niliogopa kunyang'anywa watoto wangu, na niliogopa zile nyama za kukaanga za mke wa Onyancha, kwa maana zingemuua mume wangu.

Wakakutana Jumapili, uani kwetu. Nyamusi alifika wa mwisho, akaketi bila kunitazama. Nikajiambia, leo amepata siku yake.

"Bonareri," akaniita, "mwanangu amekula?"

"Bado, mama."

"Lete chakula yake. Ile ya sufuria ndogo."

Nikaleta. Nyamusi akanawa, akamega ugali wa wimbi, akachovya katika bakuli la mwanawe, akala. Akamega tena. Alikula mpaka akalipangusa bakuli, Okemwa akimtazama kwa njaa.

"Mboga hii ni mbaya," akasema. Onyancha akainua kichwa. "Ni mbaya kwa sababu huyu msichana hajui kupika. Huyu Okemwa nilimlea bila mafuta ya mkebe, na alinona. Kama kuna kitu ndani, basi tutakufa sisi wawili. Kuanzia leo nyumba yangu na nyumba hii tunakula sufuria moja, hii ndogo. Na wewe Onyancha, hiyo mkebe ya mafuta beba upeleke kwako."

Onyancha akaubeba. Kikao kikaishia hapo.

Kesho yake Nyamusi alishuka na fungu la chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu. Akanionyesha kuichemsha, kumwaga maji ya kwanza, kutia maziwa ya mgando yaliyokwisha kutolewa siagi, kisha kuiacha chunguni ilale, ipashwe moto siku ya pili. Mwanzoni watoto walilia, na mimi nililia kidogo, kwa siri. Kisha polepole tukaanza kusikia ladha. Kumbe siku zote tulikuwa tunakula mafuta tu! Sasa mboga ya managu ilikuwa managu, na majani ya maboga yalikuwa na utamu wao. Siku Okemwa alipoomba aongezewe mboga, nilitoka nje nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na Nyamusi akanifokea kutoka juu kwamba nawatisha kuku.

Nyamusi alifariki mwaka wa 1979, Okemwa akiwa mzima, na mwili umerudi. Katika siku zake za mwisho chakula kilimshinda kabisa. Nilijua kwamba katika ukoo mzima hakuna aliyependa mafuta kuliko yeye, na daktari hakuwahi kumkataza. Nikamwinamia, nikamwambia nimenunua mafuta kidogo, nimkaangie mboga yake mwenyewe, kando.

Akafumbua macho, kwa ukali uleule.

"Ukinipikia peke yangu," akasema, "watu watasema unanilisha nini?"

Nikaenda kupakua ile yetu sote, nikamlisha kwa mkono wangu, Onyancha akiwa ameketi pale pale.